Elektrodi ya rejea isiyoyumba kwa vipimo vya mkojo, damu na mate: mwongozo kamili kwa labo za Lubumbashi

Kobalti na nikeli ni majirani wa karibu mno. Ukizitafuta ndani ya mkojo kwa voltametria (kubadilisha volti taratibu huku ukipima mkondo), kwa kutumia dimethilglioksimu, kemikali inayozikamata metali hizo mbili, na bafa ya amonia, yaani maji yanayoshikilia pH isibadilike, kilele cha nikeli kwenye grafu hujitokeza karibu na volti −1.0 na cha kobalti karibu na −1.1. Kati yao kuna milivolti 100 hivi, basi. Huku kwetu jambo hili si la darasani tu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini. Tangu hapo wanafunzi wengi wa kemia na wa afya ya jamii wametamani kuendelea kupima. Ila huwezi kumwambia mama kwamba mwanawe ana kobalti mwilini kabla hujajua kwa hakika kwamba kilele ulichokiona ni cha kobalti.

Hakika hiyo inategemea kipande cha waya wa fedha ambacho wengi hawakitazami mara mbili. Volti zote unazozisoma zinahesabiwa kuanzia kwenye elektrodi ya rejea. Yenyewe ikisogea milivolti 50, kila kitu kwenye grafu kinasogea nayo, na mashine haitakuonya. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya labo ambazo haziwezi kuagiza elektrodi mpya Ulaya kila ile ya zamani inapoziba. Elektrodi nzuri inaweza kutengenezwa hapahapa, mradi utengenezaji wake uheshimiwe hatua kwa hatua.

Inachofanya, na kinachoiyumbisha

Elektrodi tutakayoitengeneza ni waya wa fedha uliovikwa kloridi ya fedha, ukakaa ndani ya maji ya kloridi ya potasiamu. Fedha, kloridi ya fedha na ioni za kloridi zilizo ndani ya maji zinasawazishana, na volti inayotokana na usawa huo inategemea kitu kimoja kikubwa: kiasi cha kloridi kinachouzunguka waya. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kloridi ikipungua mara kumi, volti hupanda kwa milivolti 59. Kloridi isipobadilika, volti haina sababu ya kubadilika. Hatua zote zitakazofuata zinalinda hilo.

Sasa fikiria mtu anayechovya waya uliovikwa kloridi moja kwa moja ndani ya mkojo. Kloridi ya mkojo hupanda na kushuka kufuatana na chumvi aliyokula mtu, maji aliyokunywa na jasho lililomtoka. Sampuli moja ikiwa na milimoli 40 kwa lita na nyingine 200, tofauti ya rejea peke yake ni milivolti 41, karibu nusu ya umbali kati ya nikeli na kobalti. Seramu ya damu ina nafuu, maana mwili wenyewe huishikilia kloridi yake kati ya milimoli 98 na 107 hivi kwa lita. Lakini seramu ina protini zinazonata. Mate yana thayosianati, tena nyingi zaidi kwa wavutaji sigara, nayo huishika fedha kwa nguvu kuliko kloridi inavyoishika. Mkojo una misombo ya salfa inayoigeuza fedha kuwa nyeusi. Na bafa ya amonia niliyoitaja juu huyeyusha kloridi ya fedha, kwa hiyo waya ulio wazi ndani yake huvuliwa vazi lake polepole huku wewe ukiendelea kupima.

Ndiyo maana elektrodi ya kazi hii hujengwa kama nyumba yenye chumba cha ndani na sebule. Chumba ni ncha ya mikropipeti, sebule ni bomba la sindano linaloizunguka, na milango yake ni vizibo vya agari. Waya unakaa chumbani na kloridi yake, sampuli inaishia mlangoni mwa sebule, na sebule husafishwa kila siku bila kumgusa aliye chumbani.

Vifaa

Fedha ndiyo inayohitaji macho. Tafuta waya wa fedha safi, wa asilimia 99.9 au zaidi, unene milimita 1. Masonara wa mjini wana fedha, lakini nyingi ni ya muhuri wa 925, maana yake asilimia 7.5 ni madini mengine, kwa kawaida shaba. Shaba hiyo hupenya kwenye vazi, huyeyuka, na volti haitulii. Kama unanunua kwa sonara, muombe fedha ya 999 ambayo hajaichanganya, aivute iwe waya mbele yako. Sentimita 10 zinatosha elektrodi moja.

Vingine ni rahisi: mabomba ya sindano ya mililita 5 kutoka farmasi yoyote, ncha za buluu za mikropipeti za mililita 1, agari ya labo (unga wa mwani unaoganda kama jeli), betri ya volti 9, rezista za kiloomu 15 (mistari ya kahawia, kijani na chungwa), multimeta ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya milivolti, msasa laini wa namba 600 na 1200, tepu nyeupe ya mafundi bomba, gundi ya epoksi na karatasi ya alumini. Upande wa kemikali: kloridi ya potasiamu safi, nitrati ya potasiamu au asetati ya lithiamu, asidi hidrokloriki, na nitrati ya fedha kidogo sana.

Maji yawe yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, au yaliyopitishwa kwenye mashine ya kuondoa ioni. Maji ya bomba yana kloridi na klorini. Maji ya betri yanayouzwa kwenye magaraji usiyatumie kabla ya kuyajaribu: dondosha tone la nitrati ya fedha ndani ya glasi yake, na yakigeuka meupe kama maziwa mepesi, yana kloridi, yaache.

Tengeneza elektrodi tatu kwa pamoja, hata kama unahitaji moja. Sababu utaiona kwenye majaribio.

Kuandaa waya

Kata waya wa sentimita 8. Upande wa juu unganisha na waya wa shaba wa kawaida kwa risasi ya kulehemu, kisha ufunike mshono wote kwa epoksi na uache ukauke usiku kucha. Mshono huo usiguswe kamwe na maji ya chumvi. Shaba na risasi zikilowa zinaanza kutoa volti zao wenyewe, ukadhani fedha ndiyo mbaya.

Sugua sentimita 3 za chini kwa msasa wa 600, halafu wa 1200, ukizungusha waya, mpaka ung'ae sawasawa pande zote. Osha kwa sabuni, suuza, pitisha kwenye alkoholi au asetoni, suuza tena kwa maji safi. Kuanzia hapo usiushike kwa vidole. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuacha doa lisilovikwa, na doa hilo utaliona waziwazi dakika kumi baadaye.

Waya wa zamani uliokwisha kuvikwa, uvue kwa msasa. Wako wanaouvua kwa amonia, na inafanya kazi, ila maji hayo ya amonia na fedha yasihifadhiwe hata siku moja: yakikaa huweza kutengeneza kitu cheusi kinacholipuka kwa kuguswa tu. Aliyetumia amonia aitie asidi hidrokloriki iliyozimuliwa papo hapo, mpaka fedha yote ishuke chini kama unga mweupe.

Kuuvika waya

Asidi kwanza. Chukua mililita 90 za maji safi, ongeza mililita 0.83 za asidi hidrokloriki kali ya asilimia 37, kisha jaza maji hadi mililita 100. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, si maji kwenye asidi. Hiyo ni mola 0.1 kwa lita.

Hapa watu wa Katanga wana faida, kwa sababu elektrolizi, yaani kupitisha umeme ndani ya maji ili kuhamisha metali, ni kazi inayojulikana kwenye viwanda vya shaba vya Shituru na Luilu. Tofauti ni moja ya kukumbuka. Huko kiwandani shaba inayotafutwa hujikusanya kwenye upande hasi. Sisi tunautaka upande chanya, kwa sababu fedha inatakiwa itoe elektroni na ishikane na kloridi papo hapo juu ya uso wake. Basi waya wako unafungwa kwenye chanya ya betri kupitia rezista ya kiloomu 15. Kwenye hasi funga waya wa platini, au kama huna, kipande kingine cha fedha safi. Chovya sentimita 2 za chini.

Hesabu yake ni hii. Sentimita 2 za waya wa milimita 1 zina uso wa sentimita za mraba 0.63. Betri ya volti 9, ukitoa nusu volti hivi inayoliwa na seli yenyewe, inapitisha kwenye rezista hiyo miliampea 0.57, yaani karibu 0.9 kwa kila sentimita ya mraba. Isizidi 1. Ukiongeza mkondo ili umalize haraka, vazi linatoka nene na la unga, nalo hubanduka. Kama unavika nyaya tatu pamoja, kila moja iwe na rezista yake, la sivyo moja itakunywa mkondo wa wenzake. Na kwa kuwa ni betri, umeme ukikatika katikati ya kazi hupotezi kitu.

Acha dakika 30. Kaa uangalie dakika za kwanza, kwani zinasema mengi. Kwenye upande hasi viputo vidogo sana vya hidrojeni vinaanza kupanda kwa mstari. Kwenye waya wako hakutoki kiputo. Mng'ao unafifia, unakuja ukungu wa kijivu, halafu rangi inaingia kwenye zambarau iliyokolea kahawia, kama ganda la bilinganya lililokauka. Rangi ikija sawasawa kutoka chini hadi usawa wa maji, umefaulu. Ukiona kisiwa kinachong'aa katikati, toa waya, sugua, osha, anza upya. Hakuna njia ya kukiziba kisiwa hicho baadaye. Baada ya nusu saa una tabaka la mikromita 4 hivi, na hilo linatosha.

Kuna njia ya mkato: kuchovya waya safi kwenye javeli (maji ya klorini ya kufulia) ya kawaida, isiyo na manukato wala sabuni, kwa dakika 20 hadi 30. Waya unageuka rangi ileile. Kwa onyesho la darasani ni sawa. Kwa sampuli za watu siipendekezi, kwa sababu tabaka lake ni jembamba na javeli iliyokaa juani dukani imepoteza nguvu bila chupa kukuambia. Na chupa ya javeli ikae mbali na meza yenye asidi au amonia. Ikichanganyika na mojawapo inatoa gesi inayochoma mapafu.

Suuza waya uliovikwa, usiufute, na tangu sasa uukinge na mwanga. Jua linairudisha kloridi ya fedha kuwa fedha. Funga chupa zako kwa karatasi ya alumini.

Maji ya chumbani

Pima gramu 22.4 za kloridi ya potasiamu, yeyusha kwenye maji safi na ujaze hadi mililita 100. Ni mola 3 kwa lita. Vitabu vingi vinaelekeza maji yaliyoshiba kabisa, lakini kwa Lubumbashi naona mola 3 ni bora. Usiku wa Juni na Julai baridi yetu si ya mchezo, na maji yaliyoshiba hutoa fuwele usiku. Fuwele hizo hukaa ndani ya kizibo, na asubuhi elektrodi haisomi. Tena volti ya maji yaliyoshiba hubadilika kwa milivolti 1 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto. Isiyoshiba hubadilika kidogo pungufu ya hapo.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, na kuiruka ndiko kunakoua elektrodi nyingi za kujitengenezea. Ndani ya maji safi kloridi ya fedha karibu haiyeyuki kabisa, lakini ndani ya kloridi nyingi huyeyuka kwa kiasi kinachoonekana. Ukiuweka waya wako ndani ya mola 3 isiyo na fedha, maji yatajihudumia kwenye vazi. Kwa hiyo uyashibishe kwanza. Dondosha nitrati ya fedha ya mola 0.1, tone moja moja, huku ukitikisa. Kila tone linatoa wingu jeupe linalopotea. Endelea mpaka wingu likatae kupotea. Funika, acha usiku kucha gizani, kesho yake tumia maji ya juu yaliyo angavu, yasiyo na wingu. Vaa glavu; nitrati ya fedha huacha madoa meusi ya siku nyingi kwenye ngozi.

Sasa zamisha nyaya tatu ndani ya maji haya, zifungwe pamoja kwa juu ili umeme upite kati yao, ziachwe saa 24 mpaka 48. Zinasawazishana zenyewe.

Maji ya sebuleni

Hapa uamuzi unategemea unachopima. Kwa kobalti, nikeli, zinki na metali nyingine, tumia nitrati ya potasiamu ya mola 1: gramu 10.1 kwa mililita 100. Ukipima kloridi yenyewe, nitrati hiyohiyo inafaa, kwa kuwa haina kloridi ya kuvujisha.

Ukipima potasiamu kwenye seramu, nitrati ya potasiamu haifai hata kidogo. Seramu ya mtu mzima mwenye afya ina potasiamu ya milimoli 3.5 hadi 5 tu kwa lita, na uvujaji mdogo kutoka kwenye elektrodi unaweza kumfanya mgonjwa aonekane yuko hatarini. Tumia asetati ya lithiamu ya mola 1, yaani gramu 10.2 za ile yenye molekuli mbili za maji kwa mililita 100. Isitumike kwa mgonjwa anayefuatiliwa lithiamu kwa dawa zake.

Kwa damu nzima, yenye chembe zake, chumvi kali huzinyonya maji chembe nyekundu na kuzikunja, na protini huganda mlangoni. Weka sebuleni maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9, ambayo ni milimoli 154 kwa lita. Utalipia kwa ukinzani mkubwa zaidi na milivolti chache zinazozaliwa mpakani mwa maji mawili, lakini damu haitaharibika.

Vizibo vya agari

Pima gramu 3 za agari kwa mililita 100 za maji ya kila chumba: sehemu moja kwenye kloridi ya potasiamu ya mola 3, sehemu nyingine kwenye maji ya sebuleni uliyochagua. Pasha ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji yanayochemka, ukikoroga taratibu, mpaka punje ziishe na uone upande wa pili. Usichemshe moja kwa moja kwenye moto, inaungua chini na kujaa hewa.

Chovya ncha ya buluu ndani ya agari ya kloridi ikiwa moto, vuta sentimita 1 tu, ishike wima mpaka igande. Ifanyie bomba la sindano vivyo hivyo kwa agari ya sebuleni: toa pistoni, jaza mdomo wa bomba na milimita 2 au 3 juu yake. Kabla ya kumimina, kwaruza ndani ya mdomo kwa sindano ili agari ipate pa kushika. Ziinue kwenye mwanga. Kiputo kimoja kinachojaza upana wa mdomo kinakata umeme, kwa hiyo kizibo chenye kiputo kitupwe.

Kuunganisha

Jaza ncha ya buluu kwa maji ya chumbani yaliyoshibishwa, kwa bomba lenye sindano ndefu, ukianzia chini karibu na agari na kupanda juu ili hewa itoke. Ingiza waya. Vazi lote lizame, mshono wa shaba ubaki juu kabisa, nje ya maji. Ziba juu kwa mpira au epoksi, ukiacha tundu dogo la kuongezea maji.

Jaza bomba la sindano kwa maji ya sebuleni. Zungushia ncha ya buluu tepu ya mafundi bomba mpaka ikae imara kwenye mdomo wa juu wa bomba, chini isiguse agari ya pili. Hapo pia acha upenyo wa hewa. Halafu angalia vimo vitatu: maji ya chumbani yawe juu kuliko ya sebuleni, na ya sebuleni yawe juu kuliko sampuli. Maji hutiririka kuelekea chini, na sisi tunataka mtiririko uende nje, si sampuli iingie ndani.

Majaribio kabla ya kuiamini

Elektrodi iliyotengenezwa vizuri na iliyotengenezwa vibaya zinafanana kwa macho. Hatua hii isipunguzwe.

Weka elektrodi mbili ndani ya glasi moja ya chumvi ya asilimia 0.9 na upime kati yao kwa multimeta. Zote ni za aina moja, kwa hiyo jibu linalotarajiwa ni sifuri. Chini ya milivolti 1 ni kazi nzuri sana. Mpaka 2 inakubalika. Ikizidi 5, mojawapo ni mbovu, na hapo ndipo ya tatu inapohitajika: ukiwa na mbili tu unajua hazikubaliani, ukiwa na tatu unajua ni ipi inayodanganya. Rudia baada ya saa moja, kisha kesho yake, na uandike kwenye daftari tarehe, joto la chumba na namba. Elektrodi inayoanza na milivolti 2 na kubaki 2 ni bora kuliko inayoanza na sifuri ikatembea.

Ile iliyotulia kuliko zote ipe jina la mama. Mama haingii kwenye mkojo, damu wala mate. Inakaa ndani ya kloridi ya potasiamu ya mola 3, gizani, na kila asubuhi wengine wanapimwa dhidi yake.

Jaribio la pili ni la kuzimua. Weka elektrodi unayoijaribu pamoja na mama kwenye chumvi ya asilimia 0.9, soma; kisha zihamishie kwenye chumvi hiyohiyo iliyozimuliwa mara kumi, soma tena. Hili ndilo tukio pekee mama anapotoka chupani, na maji haya ni masafi. Kama mama naye ana sebule yenye maji yaleyale, tofauti ibaki ileile kwa milivolti 1 au 2. Ikiwa inaruka kwa makumi, kizibo kinapitisha sampuli. Kwa kulinganisha, chovya waya mtupu uliovikwa kando ya mama, uone unavyohama kwa zaidi ya milivolti 50 kwa kubadilisha glasi tu. Wanafunzi wakiliona hili kwa macho yao, hawaulizi tena kwa nini tunahangaika na vizibo.

Majaribio hayo mawili yanathibitisha kwamba elektrodi zako zinakubaliana. Hayathibitishi kwamba zote ziko mahali sahihi. Kwa hilo tumia kwinhidroni, kemikali ambayo volti yake kwenye platini inajulikana kwa kila pH: tia chembechembe zake ndani ya bafa ya pH 4.01 mpaka zingine zibaki bila kuyeyuka, fanya vivyo hivyo kwa bafa ya pH 7.00, chovya waya safi wa platini na elektrodi yako. Kwenye nyuzi 25, ukiwa na kloridi ya potasiamu ya mola 3 chumbani, tarajia karibu milivolti 252 kwenye pH 4.01 na 75 kwenye pH 7.00. Tofauti kati ya hizo mbili, milivolti 177, haitegemei rejea kabisa. Isipotoka hiyo, kosa liko kwenye platini au bafa. Tofauti ikiwa sahihi lakini namba zote mbili zimehama kwa kiasi kilekile, rejea ndiyo iliyohama. Tumia maji hayo siku hiyohiyo, kwa glavu, kisha uyakusanye kama taka za sumu.

Siku za kazi

Asubuhi pima dhidi ya mama. Badilisha maji ya sebuleni kila siku ya kazi, kwa sababu kloridi ya chumbani hupenya huko taratibu. Kati ya sampuli moja na nyingine suuza kwa maji safi na ukaushe kwa kugusisha karatasi laini, usisugue kizibo. Subiri namba itulie kabla ya kuanza kurekodi. Sampuli iliyotoka kwenye friji ipate joto la chumba kwanza.

Sampuli za watu zibebwe kama zenye maambukizi, zote, bila kuchagua sura. Bomba la nje lililotumika kwenye damu au mate litupwe kwenye klorini ya asilimia 0.5, kipimo kilekile tulichokizoea wakati wa Ebola, na bomba jipya livishwe. Chumba cha ndani hakiingii kwenye klorini. Kwa bei ya bomba moja la sindano umelinda waya wa fedha na mikono ya fundi wa labo, na kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kujenga sebule.

Jioni irudishe ndani ya maji ya sebuleni yaleyale au kloridi ya potasiamu, isikauke, na isilazwe kamwe ndani ya maji matupu: yananyonya chumvi kutoka kwenye vizibo usiku mzima.

Ikianza kusumbua

Namba zinazorukaruka mara nyingi ni kiputo. Gonga bomba kwa ukucha, tazama agari kwenye mwanga. Namba inayotembea polepole upande mmoja tu ni kloridi inayobadilika: ama maji ya chumbani yamevukizwa na kukolea, ama sampuli imeingia. Badilisha maji kabla ya kulaumu waya. Kuruka kwa ghafla na kubaki huko ni vazi lililopasuka au mshono uliolowa.

Rangi ya kizibo husaidia. Weupe ndani ya agari ya chumbani ni kloridi ya fedha iliyoshuka pale maji yenye fedha yalipokutana na maji mepesi. Weusi ni salfa ya sampuli iliyoikuta fedha. Vyote viwili havisafishwi kwenye agari: kata, mimina kizibo kipya. Ukungu wa kijani ni ishara kwamba agari imezeeka, na katika msimu wa mvua hilo huja mapema.

Kwenye ripoti

Usiandike "volti −1.1" peke yake. Andika rejea ni fedha na kloridi ya fedha, kloridi ya potasiamu mola 3, maji ya nje ni yapi, na joto lilikuwa nyuzi ngapi. Anayetaka kulinganisha na elektrodi ya hidrojeni, ambayo ndiyo sifuri ya volti vitabuni, ataongeza volti 0.210 kwenye nyuzi 25. Mwenye maji yaliyoshiba huongeza 0.197. Ambatanisha namba za asubuhi dhidi ya mama za siku zote ulizopima, hata zile ambazo hazikupendeza.